YAH: Shilingi 100,000 zilizokatwa kwenye akaunti yangu bila tokeni (namba za kuingiza kwenye mita) ya LUKU, umeme wa kulipia kabla

Tandika, Dar es Salaam
18 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Ijumaa tarehe 14 Machi, saa 2:40 usiku, nilinunua umeme wa shilingi 50,000 kwa programu ya simu ya benki yenu, hela itoke kwenye akaunti yangu ya biashara. Ikaandika: "Muamala haujafanikiwa. Tafadhali jaribu tena." Nikatii. Ikaandika vilevile. Kuangalia salio, laki nzima imeondoka pamoja na makato mara mbili, na tokeni haikuja hata moja. Miamala yote miwili imo kwenye taarifa ya akaunti niliyoambatanisha.

Mimi nauza samaki. Friza lilikuwa na vibua na changu wa siku mbili, na mita ilikuwa inalia tangu magharibi. Ilibidi nimgongee jirani aninunulie umeme wa 10,000 kwa simu yake. Tarakimu 20 za tokeni zikaingia hata sijakaa. Kwa hiyo msiniambie mfumo wa umeme ulikuwa chini.

Jumamosi nikapiga simu kwenu. Kijana wa kwanza, mwenye adabu zake, akasema huenda hela imekatwa kodi ya majengo. Kodi hiyo naijua, inakatwa kwenye mita hiyohiyo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba yangu isiyo ya ghorofa. Imezeje laki? Tena hata ukiwa na deni, kilichokatwa huonekana kwenye risiti ya tokeni, nami risiti sina. Wa pili akasema hela imeshatoka kwenu, nikaulize watu wa umeme. Nikaenda jana asubuhi. Wakaingiza namba ya mita mbele yangu, malipo ya mwisho waliyoyaona ni ile 10,000 ya jirani. Nikapitia tawini, nikapewa fomu, nikaambiwa nilete kopi ya kitambulisho kisha nisubiri saa 72 za kazi. Nilijiunga na huduma hii ili nisipange foleni.

Mtandao kukwama naelewa, hata daladala huharibika njiani. Ila sijaona konda anayepokea nauli, akasema hajaipata, akakutaka ulipe tena. Hayo maneno "jaribu tena" ndiyo yaliyonitoa elfu hamsini ya pili. Kama hamna hakika hela imefika wapi, andikeni mteja asubiri.

Naomba mrudishe shilingi 100,000 na makato yote mawili kwenye akaunti ileile, na mnijibu kwa maandishi hela hiyo ilikaa wapi tangu Ijumaa. Sihitaji ujumbe wa kuniomba radhi kwa usumbufu, ninazo tatu tayari.

Dawati la malalamiko la Benki Kuu hutaka mteja aanze kwa kuiandikia benki yake. Barua yenyewe ndiyo hii, na nakala yake iliyogongwa mhuri wa tawi lenu ninayo.

Mteja wenu,
mwenye akaunti ya biashara, Tandika