Watoto wa Owino Uhuru wapimwe damu

Mhariri,

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Hukumu hiyo ni ya haki, lakini fedha haziondoi risasi iliyokwisha kujificha katika mifupa ya mtoto.

Kwa kuwa afya ni jukumu la kaunti, naomba kipimo cha damu kitolewe katika kliniki za watoto zilizo karibu na kijiji hicho, palepale wanapopimwa uzito na kupewa chanjo, kwani mtoto aliyeathirika mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kuwa salama. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, wawaelekeze wazazi kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia, na kuwanawisha watoto kabla ya kula. Kusafisha udongo, hata hivyo, ni kazi ya serikali. Mzigo huo wasitwikwe akina mama.

Mkazi wa Changamwe,
Mombasa