Fataki katikati ya makazi ziwekewe utaratibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niishauri Halmashauri ya Jiji la Tanga itumie mamlaka iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, kutunga sheria ndogo kuhusu ulipuaji wa fataki karibu na nyumba za watu, na kama ipo, basi itangazwe na isimamiwe.

Siku hizi fataki si za mkesha wa mwaka mpya pekee. Harusi ikifanyika Ngamiani, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, hulipuliwa hata baada ya saa sita usiku, na kukicha watoto huokota vibomba vya karatasi ambavyo vingine bado vina baruti ndani. Hilo la watoto ndilo linalonitisha zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kishindo kinachofika sikioni mwa mtoto kisizidi desibeli 120, kiwango ambacho fataki iliyolipuliwa uani huweza kukivuka kwa urahisi.

Sipingi furaha ya mtu. Sisi watu wa Tanga shughuli tunazipenda, tena sana. Ninachoomba ni kibali kitakachotolewa baada ya mtendaji wa mtaa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kushirikishwa, kitakachotaja saa ya mwisho na mahali pa wazi pa kulipulia, pamoja na jina la mtu atakayewajibika kukusanya mabaki usiku huohuo.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga