Mhariri, sprinti wapange wanaoifanya kazi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu kinachotutesa sana sisi tunaotengeneza programu za simu na kompyuta hapa Dar, na wenzetu wa Nairobi nao wanalia kilio hichohicho manake huwa tunaongea.

Kwa ambao hawapo kwenye hii kazi, timu nyingi siku hizi hazipangi kazi ya mwaka mzima kwa mkupuo, zinaikata vipande vya kama wiki mbili mbili, kila kipande kinaitwa sprinti. Siku ya kwanza mnakaa mnachagua kazi za kuingiza, zingine zinabaki kwenye foleni. Kila kazi inaandikwa tiketi kwenye programu kama Jira au Trello, mtu yeyote akifungua anaona ipi haijaanza, ipi iko mkononi mwa nani, ipi imeisha. Utaratibu unaotumika sana unaitwa Skramu, Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha mbele ya watu 1995 kule Texas, na mwongozo wao wa 2020 unasema watengenezaji ndio wanaochagua kazi za kuingia kwenye sprinti baada ya kujadiliana na mwenye bidhaa, yaani yule anayesimamia bidhaa ifanye nini na kipi kitangulie. Watengenezaji! Meneja hatajwi hapo kabisa.

Sasa ofisini kwetu, na najua hatuko peke yetu, Jumatatu mnaingia kwenye kikao cha kupanga mnakuta bodi, yaani ule ukurasa wa tiketi kwenye programu, imeshajaa, tiketi thelathini na moja, kila moja ina jina la mtu, meneja ameziburuta mwenyewe usiku wa Jumapili akiwa nyumbani, alafu anawauliza kuna swali? Hapo mmepanga nini. Ukisema hii haiwezi kuisha ndani ya wiki mbili unaonekana mvivu.

Na kuna hizi pointi. Tiketi mnaipa 1, 2, 3, 5, 8 au 13 kuonyesha ukubwa wake ukilinganisha na zingine, ni makadirio tu yanayosaidia timu kugundua kwamba mmoja anaiona kazi ndogo na mwingine ameona shimo ndani yake, na hapo ndipo maongezi ya maana yanapoanza. Ila bosi akishaona programu inamchorea grafu basi, sprinti iliyopita mlifikisha 40 hii nataka 50, watu nao wana familia wanataka kulinda kibarua chao, tiketi ya 3 inaandikwa 8, grafu inapanda vizuri na mteja bado hajapata kitu. Ron Jeffries, mmoja wa wazee wa hii fani, ameshaandika kwamba huenda yeye ndiye aliyebuni hizi pointi na kama ni kweli basi anajuta.

Kuna kitu kilitokea nataka wasomaji wakijue. Tarehe 12 Mei 2024, ilikuwa Jumapili, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa shida nchi nyingi za huku kwetu, Tanzania tukiwemo. Jumatatu ndo siku yetu ya kupanga na bodi haifunguki. Dada mmoja wa upande wa majaribio akaenda duka la vifaa vya shule akarudi na karatasi za manila na solotepu, tukabandika ukutani, kila mtu akaandika kwa mkono kazi anayoiona ni ya lazima na akasimama kuieleza. Nakwambia Mhariri tulibishana masaa mawili na ndo mara ya kwanza nikaelewa wenzangu wanafanya nini. Kazi ya kuunganisha malipo ya simu, ambayo ilikuwa imehamishwa sprinti hadi sprinti mara nne na kijana wa watu anasemwa kila wiki, kumbe ilikuwa inasubiri funguo za majaribio, yaani namba za siri za kuingilia mfumo wa malipo kuujaribu, kutoka kampuni ya simu, yeye hana la kufanya. Tukaitoa, tukakubaliana hairudi mpaka funguo zifike. Tukaacha na nafasi ya dharura, manake mwisho wa mwezi watu wakilipana mishahara lazima kitu kitagoma na lazima mtu aache tiketi yake akazime moto. Ukutani zikabaki kazi kumi na nne. Zikaisha zote kasoro moja.

Intaneti ilipokaa sawa tukarudi kwenye programu, na sina ugomvi nayo, inatunza kumbukumbu vizuri na mwenzetu aliyeko Mwanza anaona kila kitu kama sisi tu. Lakini Jumapili usiku ile bodi ilikuwa imeshajaa tena.

Kwa hiyo nawaomba mameneja wanaosoma gazeti hili, Jumatatu ijayo njooni na bodi tupu. Leteni lengo moja, kwa mfano mteja aweze kulipa ankara yake kwa simu bila kupiga kituo cha huduma, tuelezeni kwanini ni muhimu sasa hivi, alafu mtuache tuseme kipi kinaingia na kipi kinasubiri.

Mtengeneza programu,
Sinza, Dar es Salaam