Kaka, sichimbi dhahabu

Iskut, British Columbia, Kanada
24 Agosti

Kaka Hamadi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Miye mzima, kazi inakwenda. Nimeamua kuandika kwa kalamu na kumpa mkononi mtu anayekuja huko, maana sauti ninazokutumia kwenye simu zinafika baraza ya Konde kabla hazijafika kwa Bi Mkubwa. Ile ya mwezi uliopita Ami alinirudia neno kwa neno, mpaka pale nilipokohoa.

Kwanza hilo la dhahabu. Sichimbi dhahabu. Nani kawaambia? Napika. Niliposema nipo na wanajiolojia, wataalamu wa miamba, nilisema kweli: wanatoka asubuhi na nyundo, wanarudi jioni na njaa, na wa kuishughulikia hiyo njaa ni miye. Sasa Seif wa Ami anapita akisema ndugu yake wa dhahabu hatoshindwa na mchango wa harusi. Harusi yenyewe nimeisikia kwake, si kwako.

Lakini msidhani jikoni ni pa kudharaulika. Siku moja niliwapikia pilau kwa zile karafuu alizonifungia Bi Mkubwa. Mkubwa wao, mama mtu mzima mwenye mvi kichwa kizima, akatafuna moja, akauliza zinatoka wapi. Nikamwambia shambani kwetu. Kesho yake akanipandisha helikopta. Ndiyo, helikopta, na nilikaa mbele. Hilo mwambie Ami.

Tulishuka chini ya mlima unaitwa Armadillo Peak, ndani ya nchi ya Watahltan, wenyeji wa asili wa huku. Njia ya gari haifiki. Jirani yake ni Edziza, wenye mita 2,786 na kofia ya barafu, huo hata mtoto angejua ni volkano. Lakini Armadillo! Nilitafuta lile umbo tulilochorewa skuli, pembetatu na moshi juu, sikuona kitu. Jiwe la kijivu limesimama, limeliwa kila upande. Nikamuuliza mama yule volkano yenyewe iko wapi. Akasema tuliyosimama ndiyo.

Alivyonieleza ni hivi. Miaka milioni sita na zaidi iliyopita volkano ile ilitapika mpaka tumbo likawa tupu, paa lake likadidimia, pakabaki shimo pana wanaloliita kaldera. Lava nyengine ikaja ikatuama humo shimoni kama uji kwenye bakuli, tabaka juu ya tabaka, ikaganda ikawa jiwe gumu, trakiti, unene mita 180. Kisha zikaja zama za barafu. Barafu ikaja ikarudi, ikaja ikarudi, ikazila kuta za shimo zote. Jiwe lililotuama ndani halikuliika upesi. Kwa hiyo kile kilichokuwa ndani ya shimo ndicho leo kilele, mita zaidi ya 2,100 juu ya bahari.

Kaka, ni ukoko! Chungu kimevunjika, vigae vimesombwa, ukoko umebaki umesimama peke yake. Nilipomwambia hivyo ilibidi nimweleze ukoko ni nini, na usiku nikaunguza wali makusudi ili auone. Tangu siku hiyo wote wanauita mlima ule "ukoko", kwa matamshi yao hayo.

Akanionyesha na alama za barafu. Mwamba umekwaruzwa mistari sambamba, yote imelala upande mmoja, ukipitisha kidole unaisikia. Barafu peke yake haina meno. Inabeba mawe chini ya tumbo, inakwenda nayo polepole, nayo ndiyo yanayokuna, kama mbuzi na nazi. Kusini zaidi iko safu ya Spectrum, milima myekundu, ya manjano, myeupe, mpaka zambarau, utasema khanga zimeanikwa. Ni rioliti, jiwe jengine la volkano, imepikwa na maji ya moto na mvuke wa kiberiti mpaka chuma kilichomo kikafanya kutu. Niliitazama kutoka juu, nikajikuta nayatafuta majamvi ya karafuu kando ya barabara ya Wete. Sijui kwa nini. Rangi tu, nadhani.

Na hili utalipenda. Barafu ilipokuwa imeshiba, maji yake yalitoka baharini. Bahari ilishuka zaidi ya mita mia moja, Unguja ikawa imeungana na bara, mtu angekwenda kwa miguu. Pemba haikuungana, kwa sababu mkondo wetu ni wa kina kikubwa mno. Waambie wale Waunguja wa dukani.

Nassor aliniomba jiwe. Mwambie pale ni hifadhi, jiwe haliokotwi. Yapo ya kioo cheusi, obsidiani, Watahltan walikuwa wakiyachonga visu tangu maelfu ya miaka na kuuziana nayo mbali sana. Nitamletea picha.

Sasa la shamba. Umeniandikia kwa mkato kwamba Seif "anachukua kifusi kidogo" pale kilimani. Kaka, gari ngapi kwa siku? Bei gani? Kwa ruhusa ya nani, ikiwa mimi na wewe na Mwanaisha hatujagawana? Kwetu hakuna trakiti, ni udongo mwekundu na jiwe la matumbawe, mvua moja ya masika inatosha. Huku ilihitaji barafu na miaka mamilioni, Seif anamaliza kwa chepe na gari la ng'ombe. Na wewe upo, unamtazama, kwa sababu ni mtoto wa Ami na hutaki maneno. Kila siku hutaki maneno. Miye ndiye niliye mbali, miye ndiye mwenye maneno.

Natuma dola 600. Ni za mabati ya Bi Mkubwa na misumari yake, na fundi alipwe akimaliza, si kabla. Mchango wa harusi sitoi shilingi mpaka lile shimo lifungwe. Muoneshe Ami ukurasa huu ukitaka.

Vidole vyangu vishapona, baridi ya Machi tu ile, Bi Mkubwa asiambiwe. Mwambie karafuu zimekwisha, nimebakiwa na makonyo, nayatia kwenye chai. Akipata mtu, pishi moja.

Na nipigie picha ule mkarafuu wa Babu. Usinipigie matawi. Inama, piga chini, kwenye mizizi, upande wa shimo.

Nduguyo,
Saidi