Kulala garini kesho usiku

Habari za jioni wasafiri. Kesho tunalala garini, na jambo moja sitaki tubishane: injini izimwe. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hashtuki, anazidi kuzama usingizini. Bomba la moshi likizibwa na tope ndiyo balaa zaidi, na kushusha kioo hakutoshi injini ikiwa inanguruma. Baridi? Blanketi na soksi nzito, basi. Hata hivyo shusheni kioo upana wa kidole, la sivyo mtaamka vioo vinatiririka maji. Egesheni pua ikitazama njia ya kutokea, milango ifungwe, funguo ziwe pale mkono unapofika gizani. Wakoromaji, gari la mwisho tafadhali.