Wali Mwekundu wa Bi Rehema

Langoni, Lamu
Jumatano baada ya Isha

Somo yangu Mariamu,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima wewe na mama na watoto, na yule mdogo ameshapona kikohozi. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mvua haijatuachia tangu mwezi uandame, chokaa inabanduka ukutani vipande vipande, na punda wa Athmani ameteleza kwenye ngazi za gati, sasa mizigo inakwenda kwa mabega ya watu. Najua nimenyamaza tangu Maulidi na wewe umeniandikia mara mbili. Nisamehe, somo. Ya Zuhura na posa yake nitakwambia tukionana, ni marefu. Leo nina jambo moja limenikaa kooni.

Bi Rehema hapiki tena.

Wiki ya tatu hii. Ukipita alfajiri kwenye uchochoro wetu, pale tulipokuwa tukisimama na vibakuli vyetu kabla ya kwenda chuoni, jiko ni baridi na kikaango cha vitumbua kimefunikwa gunia. Hakuna aliyemkataza kupika. Watu wameacha kununua tu. Siku ya kwanza alirudisha ndani vitumbua arubaini, siku ya pili hamsini na kitu, ya tatu hakukoroga unga.

Ilianza hivi. Usiku wa hitima ya marehemu Bwana Kombo alipika wali wa nazi, ukabaki sinia moja. Akauweka kwenye daka la jikoni, akaufunikia kawa, akasema mwiku utaliwa asubuhi. Asubuhi wakaletewa chakula na jirani, mwiku ukasahauliwa. Siku ya pili mkaza mwanawe akafunua kawa, akapiga ukelele uliotoa watu msikitini. Wali una damu! Ilipofika alasiri ilikuwa damu ya marehemu. Ilipofika magharibi Bi Rehema alikuwa na jini anayemlisha, na vitumbua vyake vitamu miaka yote hii ndiyo kazi ya jini huyo. Mariamu, huyu ndiye mwanamke aliyetulea sote wawili kwa mkono wake mmoja mama zetu walipokuwa kazini.

Nilikwenda usiku ule ule. Mwanawe alitaka kuutupa wali baharini, nikamwomba aniachie sinia. Matone yalikuwa manene, yanang'aa, wekundu wa damu ya kuku aliyechinjwa sasa hivi, na pale yalipoanza kukauka pembeni yalikuwa yakigeuka zambarau. Nilijua kabla sijainama vizuri. Nimeiona rangi ile maabara, kwenye kisahani, mara mbili tatu katika miaka kumi na mitatu ya kazi. Ni bakteria. Jina lao ni *Serratia marcescens*.

Jina hilo unalijua, somo, ingawa pengine umelisahau. Lilikuwa kwenye karatasi ya baba. Wewe ndiwe uliyekaa nami usiku ule wa mwisho wodini. Walimwekea mpira wa mkojo, ukakaa siku nyingi kuliko inavyofaa, homa ikapanda, dawa ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, na majibu ya maabara yakaja tumeshamzika. Neno moja limeandikwa kwa kalamu ya buluu: Serratia. Sikumdai mtu, na hospitali ile siitaji hata leo. Lakini neno lile nililichukia kama mtu anavyomchukia mtu, nikaanza kulisoma kila nilipolikuta, mpaka nikawajua hawa viumbe kuliko ninavyojua ukoo wangu.

Na hiki ndicho kinachonitesa usiku. Kwa baba hakukuwa na wekundu wowote, kwa hiyo ningewezaje kujua kwamba ni hao hao? Rangi yao inaitwa prodijiosini, na wanaitoa wakiwa katika joto la jikoni usiku, digrii ishirini na tano mpaka thelathini hivi. Ukiwaweka kwenye digrii 37, joto la damu yetu, wanaota vizuri tu lakini hawatoi wekundu. Na wale wa hospitali wengi wameshaiacha rangi kabisa. Kwa hiyo palipo na wekundu wa kutisha ndipo pasipo na hatari kubwa, na palipo na hatari huoni kitu.

Jenasi yenyewe ni ukoo mpana, na wenye rangi ni wachache. Kuna *Serratia rubidaea*, naye mwekundu. Kuna *Serratia plymuthica*, aliyepewa jina la mji wa Plymouth, Uingereza, naye baadhi yake wana wekundu ule ule. Wengine hawana rangi: *ficaria* anakaa na tini na nyigu wadogo wanaoingia ndani yake, *odorifera* ana harufu kama ya viazi, *fonticola* alipatikana kwenye maji ya chemchemi, na *entomophila* anaua buu la mbawakawa linalokula mizizi ya majani huko New Zealand, wakulima wanamtia ardhini kwa makusudi. Huyu *marcescens* wetu anaishi udongoni, majini, kwenye mimea, kwenye matumbo ya wadudu. Ule utelezi wa waridi unaouona pembeni mwa birika la chooni, mara nyingi ni yeye. Wewe mpenda matumbawe utasikitika zaidi: huko Florida anaua matumbawe yanayofanana na pembe za paa, yanatoka mabaka meupe na nyama yake inabanduka, na mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba aina inayofanya hivyo inatoka kwenye maji taka ya binadamu. Nilipoisoma nilikufikiria wewe na hifadhi yenu ya bahari hapo Malindi.

Narudi kwa Bi Rehema.

Nilidhani nikisema ni bakteria mambo yatakwisha. Nikamwambia Mama Fatuma mlangoni pake, polepole, kwa heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kumbe ni uchafu." Somo, miguu iliniisha nguvu. Nimemtoa mama wa watu kwenye uchawi nikamtia kwenye uchafu! Na mpika chakula, ukimwambia ana jini, kesho atasomewa dua na watu watarudi. Ukimwambia mchafu, umemmaliza. Na si mchafu. Unalijua jiko lile, unajua anavyosugua masufuria kwa mchanga na majivu mpaka unajiona uso. Bakteria hawa wanatua popote penye wanga na unyevu: wali, sima, mkate, viazi. Mvua isiyokatika, wali wa moto umefunikwa, hewa nzito, siku mbili zimepita. Ingeweza kuwa daka langu. Ingeweza kuwa daka la Mama Fatuma.

Hapo ndipo nikakumbuka kisa cha Italia, na tangu siku hiyo sikulala vizuri kwa hamu. Mwaka 1819, kijiji cha Legnaro, karibu na Padova, kaskazini. Chakula chao ni polenta, nayo ni sima ya mahindi kama hii yetu. Majira ya joto na unyevu. Mkulima mmoja, Antonio Pittarello, akakuta sima yake imetoka matone ya damu, akapika nyingine, na damu ikarudi. Majirani wakaiogopa nyumba ile. Akatumwa daktari, Vincenzo Sette, kuchunguza. Unajua alifanya nini? Aliuchukua ule wekundu akaupanda kwenye polenta nyumbani kwa kasisi. Nayo ikawa nyekundu! Nyumbani kwa mtu wa dini, ambaye hakuna wa kumtilia shaka. Mwaka huo huo mfamasia mmoja kijana, Bartolomeo Bizio, akafanya majaribio yake mwenyewe na akaonyesha kwamba ni kiumbe hai, ingawa yeye alikidhania kuvu. Ndiye aliyetoa jina. Serratia ni kwa heshima ya Serafino Serrati, Mtaliano aliyeendesha mashua ya mvuke, ambaye Bizio aliona sifa yake imepewa wageni. Na *marcescens* ni neno la Kilatini la kitu kinachonyauka, kwa sababu rangi ile haikawii kufifia.

Basi nimefanya kama Sette. Nimekwenda kwa Ustadh Bakari, nikamweleza tangu mwanzo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lete huo wekundu wako." Mkewe ndiye aliyeipika, kwa maji yao, kwenye sufuria lao. Tukaikata mapande mawili kwenye sahani mbili. Moja nikaigusa kwa ncha ya sindano iliyopita kwenye ule wekundu, nyingine sikuigusa. Zote zimefunikwa, ziko kwenye daka lake tangu jana adhuhuri. Ya kwangu nyumbani, niliyoipanda siku nne kabla, imeshatoka matone, mazuri, mekundu, nilikaribia kulia nilipoyaona.

Na kuna jaribio jingine ambalo nataka uone kwa macho yako. Rangi ile haiyeyuki vizuri majini, lakini kwenye spiriti inayeyuka. Nilikwangua kidogo, nikatia spiriti, nikachuja kwa pamba, nikagawa kwenye bilauri mbili. Moja nikaikamulia ndimu: ikabaki nyekundu ya waridi. Nyingine nikatia magadi kidogo: ikageuka manjano. Ukiongeza ndimu ya kutosha kwenye ile ya magadi, wekundu unarudi. Ndimu na magadi, vitu vilivyo kwenye kila jiko la Lamu! Damu ya kuku haifanyi hivyo, nimejaribu. Nilimwonyesha Bi Rehema. Akaitazama ile bilauri muda mrefu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii ndiyo iliyomchukua baba yako?" Sikuwa nimemwambia. Nadhani alilisikia jina siku za matanga akaliweka moyoni miaka yote. Nikamwambia ndiyo, ni hao hao. Akanishika kichwa. Tukakaa.

Jambo jingine linanipa wasiwasi na sijalisema kwa mtu. Mkaza mwanawe amejifungua mwezi jana, mtoto alikuja kabla ya wakati na bado ni mdogo kama kifaranga. Vichanga wa namna hiyo ndio hasa Serratia wanaowadhuru mahospitalini, na wagonjwa wenye dripu na mipira, na macho ya wanaovaa lenzi. Zamani wataalamu waliwadhania hawana neno lolote. Ndiyo maana Septemba 1950 jeshi la majini la Marekani liliwapuliza kwa siri juu ya mji wa San Francisco, kupima upepo utawafikisha wapi. Miezi ile hospitali moja ya huko ikapata wagonjwa kumi na mmoja, na mmoja, Edward Nevin, akafa. Mpaka leo wanabishana kama ni wale wale waliopulizwa. Mimi nimemwambia mama mtoto achemshe kila kitu kinachoingia mdomoni mwa mtoto, na masinia yaoshwe kwa maji ya moto kisha yakaushwe juani, jua likipatikana. Asitegemee sabuni ya maji iliyozimuliwa, kwani bakteria hawa wana ushupavu, wanaweza kuishi hata ndani ya dawa ya kusafishia iliyotiwa maji mengi. Lakini sitaki kumtisha. Na mimi sijui niseme kiasi gani.

Sasa ombi langu. Njoo, somo. Njoo na hadubini ya shule kama mkuu wenu atakubali, na visahani vichache vyenye agari ya kuoteshea bakteria. Mimi watu wananihesabu mtu wa nyumba ile, nikisema neno wanaona namtetea mama yangu. Wewe ni mwalimu, unatoka Malindi, na wewe ni mjukuu wa Mwalimu Shee. Hakuna atakayekukata kauli Langoni nzima. Ustadh amesema atawakusanya watu barazani kwake Jumamosi baada ya alasiri, zile sahani mbili zifunuliwe mbele ya wote. Nikimfikiria Bi Rehema amekaa pale kwenye mkeka akisubiri kifuniko kifunuliwe, mikono inanitetemeka hapa ninapoandika.

Je, utaweza kupata ruhusa ya Ijumaa? Basi la asubuhi bado lipo, au limebadilisha saa? Hadubini itahimili ile barabara, au uipakate mwenyewe? Mna lenzi ya mafuta ya hadubini, ile ya kuonea bakteria, au niazime hapa? Na wewe ungelisemaje neno hili ili asibaki mtu anayesikia "uchafu"? Tuanze na kisa cha kasisi, au tuanze na ndimu na magadi? Nikimtaja baba mbele ya watu itasaidia au itawatisha? Mama yako anaendeleaje na mguu? Na ule mwarobaini niliokupa umeshika?

Nijibu kwa simu ukishindwa kuandika. Athmani atakuwa gatini na kijana wa kubeba mizigo boti ya kutoka Mokowe ikifika. Chumba cha juu nimeshakitandika. Bi Rehema hajui kama nakuandikia, lakini jana aliniuliza kama unga wa mchele umepanda bei.

Wako,
somo yako Mariamu