Mjomba, nimekushika

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kwa sababu ukishasikia yanayofuata huenda usiniitikie. Najua wewe na mambo ya mtandao ni mbali, lakini wajukuu wako wana simu na hakuna hata mmoja atakayeweza kunyamaza nayo haya.

Jumamosi nilipita kwa wale wauza vitabu wa kuinama, wanaovitandaza chini kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Chini ya rundo la vitabu vya Biolojia vya kidato cha tatu nikaona pembe ya kitu kikubwa kuliko vyote, nikakivuta. Ni kitabu cha katuni cha Star Wars, cha Marvel, cha mwaka 1977, ile saizi ya kutandaza sakafuni iliyouzwa Marekani kwa dola 1. Mwenyewe alitaka mia nane. Nikajifanya naondoka, akaniita, tukaelewana mia nne na nusu. Nilikisomea kituoni nikiwa nimesimama. Matatu tatu za kwetu zilijaa zikaondoka, kondakta wa mwisho akaniuliza kama naenda au nimekuja kusoma.

Mjomba, unakumbuka Jericho? Stima ikipotea tulikuwa tunakuzunguka kibarazani, unatuhadithia ile filamu ya Star Wars uliyosema uliiona Fox Drive-In, Thika Road, ndani ya gari la mwajiri wako. Ulituambia Luke, shujaa wa filamu, alikuwa na rafiki wa utotoni mwenye sharubu, Biggs, akaja kumuaga kule kijijini jangwani na kumnong'oneza kwamba anawatoroka wakubwa akajiunge na waasi. Ukatuambia habari za Jabba, yule anayemdai Han Solo: mrefu, anatembea kwa miguu miwili, ana uso kama wa mnyama wa baharini na kishungi utosini kama kuku. Kile kishungi ulikuwa unakionyesha kwa mkono.

Halafu video ikafika mtaani. Tukalipa, tukakaa kwenye mabenchi, tukamngoja Biggs. Akatokea mwishoni kabisa, akaingia kwenye ndege yake, akauawa. Jabba hakuonekana hata mara moja. Tulipokuja kumwona katika ile filamu ya 1983, alikuwa donge la mafuta limelala, konokono aliyevuliwa nyumba yake. Tulikucheka, Mjomba. Binamu yangu alikuita Kishungi mpaka siku ya harusi yake, na wewe hukujitetea hata kwa neno moja.

Sasa nina kitabu mkononi na Biggs yumo, kurasa za mwanzo kabisa, na sharubu zake, anazungumza na Luke kama ulivyosema. Nikageuza, nikageuza, nikamkuta Jabba amesimama mbele ya Han. Kishungi kipo! Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja akavuta mkoba wake karibu.

Nikuambie jinsi ilivyotokea, maana nimekaa na jambo hili wiki nzima. Roy Thomas aliandika na Howard Chaykin akachora wakati filamu yenyewe bado inakatwa na kuungwa. Walichokuwa nacho ni mswada na picha za mnato. Toleo la kwanza la katuni lilikuwa madukani Marekani Aprili 1977, na filamu ikatoka Mei 25. Kwa hiyo vipande ambavyo George Lucas, mwongozaji wa filamu, aliviondoa dakika za mwisho, katuni ilikuwa imeshavichapa. Maagano ya Biggs kule jangwani yalipigwa picha kweli, yakatupwa. Jabba naye alichezwa na mtu wa kawaida, Declan Mulholland, kipande kikatupwa pia, kikarudishwa mwaka 1997 na konokono wa kompyuta juu yake. Chaykin hakuwa na wa kumwigiza, akamchora kwa mfano wa kiumbe mmoja wa kwenye ile baa ya jangwani.

Kwa hiyo picha zingine zinayumba, siwezi kukuficha. Uso wa Luke unabadilika kila baada ya picha mbili kama mtu wa vitambulisho vingi. Mimi hilo halinisumbui. Napenda kuona watu wanakimbizana na kitu ambacho hawajakiona, wanakisia, na wakati mwingine kisio lao linapendeza kuliko chenyewe. Na katuni hiyo haikuwa mchezo: Jim Shooter, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa Marvel, aliandika baadaye kwamba ndiyo iliyoiokoa kampuni isifilisike. Hadithi ya filamu ilipokwisha kwenye toleo la sita, wakaendelea kujitungia yao, na kufika toleo la nane wakaleta sungura wa kijani mwenye bastola. Sungura, Mjomba! Hata huko angani hakosekani.

Lakini nilisema nimekushika. Kitabu hiki kina matoleo matatu tu ya mwanzo. Yaliyobaki yalichapwa kwenye kitabu cha pili. Hiki changu kinaishia Luke na wenzake wakiwa bado ndani ya Death Star, ile ngome ya maadui huko angani, na hapo hapo ndipo hadithi yako ilipokuwa ikikatika kila mara. "Laleni, kesho." Kesho yake ulikuja na mwisho wako: Mzee Obi-Wan, mwalimu wa Luke, alimponyoka yule katili Darth Vader kwa mlango wa jikoni, akarudi kwake jangwani, akanunua punda wawili na kuanza kuuza maji.

Hukwenda Fox Drive-In, Mjomba. Na kitabu cha pili hukukipata.

Kwenye video Vader alipomkata yule mzee, dada yangu mdogo alisimama akamwambia mwenye mashine kwamba mkanda wake umeharibika, arudishe nyuma. Alilia njia nzima. Nyumbani ukamwambia wale Wazungu walikosea, mzee yupo. Akalala.

Muuzaji ameahidi kuniwekea cha pili akikipata. Desemba nikija nitakuletea hiki ukione tena, na binamu yangu nitamleta akuombe radhi. Nina swali moja tu la kukuuliza kabla ya hapo. Punda mmoja ulimwita Jumanne. Wa pili nani?